Asubuhi Niliyopandisha Bendera

Wiki mbili zilizopita niliingia katika duka la vyakula vya Kiafrika, kusini-magharibi mwa Houston, kutafuta unga wa muhogo. Ni duka la mama mmoja wa Kinaijeria, lina vichochoro vyembamba na feni inayolia. Mimi huenda pale kila mwezi kwa sababu huku Katy tunakoishi maduka ni makubwa na safi, lakini hayana vitu ninavyovitafuta. Mwanangu wa mwisho alikuwa nyuma yangu, macho kwenye simu. Tulipopinda kona ya mwisho, karibu na mlango wa stoo, harufu ikanishika kabla sijaona kitu.

"Mom, nini hiyo?" akasema mtoto, ameziba pua.

Walikuwa samaki wakavu, wamepangwa ndani ya maboksi kama kuni. Hawakuwa na vichwa, rangi yao kaki, wagumu kiasi kwamba ukiwagonganisha wanalia kama mbao. Nilimchukua mmoja nikamweka usoni. Yule mama akaniuliza kutoka kaunta kama nanunua au nanusa tu, na wateja wakacheka. Nikanunua wawili, bila kujua nitawafanya nini. Garini mwanangu alifungua madirisha yote, joto la Houston likaingia lote, na njia nzima hatukusemezana. Yeye alikuwa amenuna. Mimi nilikuwa na miaka minane, nimesimama peke yangu kwenye gati, nangoja feri.

Wenzangu mliochukuliwa utotoni mkapelekwa ugenini bila kuulizwa mtanielewa haraka. Sisi ni watu wa Kivu Kusini, lakini mimi nilizaliwa kambini, Kigoma, na mpaka nafikisha miaka saba sikujua kwamba kuna watu wanaoishi bila foleni. Majina yetu yalipobandikwa ubaoni kwamba tunakwenda Norwei, yalikuwa mawili tu, la Mama na langu. Jina la Baba lilikuwa limeandikwa hivi kwenye kadi ya chakula na vile kwenye fomu ya usaili, tofauti ya herufi moja. Wakasema faili lake lirekebishwe kwanza, kisha atafuata. Baba hakulalamika. Siku ya basi aliniinua hadi dirishani akaniambia, "Tangulieni mkapashe nyumba moto. Nikifika nikute ugali uko tayari." Mimi nikadhani ni habari ya wiki moja.

Halmashauri waliyotupangia ilikuwa mwishoni kabisa mwa nchi, upande wa kaskazini, pale ambapo ardhi imevunjikavunjika na kumwagikia baharini. Kulikuwa na kisiwa kimoja kikubwa, ndiko tulikoishi, na vingi vidogo visivyo na mtu, ambavyo wakati wa kiangazi vilipelekewa kondoo. Milima ilisimama moja kwa moja kutoka majini. Watu walikuwa wamejenga kwenye ule ukanda mwembamba uliobaki kati ya mlima na bahari, nyumba mojamoja, nyingi nyekundu, kama watu waliokaa kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa. Barabara ilikuwa moja. Ukienda kulia unafika kanisani, ukienda kushoto unafika gatini. Katikati kulikuwa na duka, ambalo pia lilikuwa posta na mahali pa kuchukulia dawa, halafu shule yenye watoto wa kujaza basi moja, nyumba ya wazee na kiwanda cha samaki. Baada ya hapo ni upepo. Mtaa mmoja wa kambi yetu ulikuwa na watu wengi kuliko halmashauri nzima.

Kilichonitisha hakikuwa baridi. Baridi ina nguo zake, na nguo walitupa. Kilichonitisha kilikuwa kimya. Kambini ukikohoa jirani anakupa pole kupitia ukuta. Kule nyumba zilikaa mbalimbali, milango imefungwa, lakini kila dirisha lilikuwa na taa inayowaka kutwa na mapazia yake wazi, wala huoni mtu ndani. Nilijiambia kwamba taa zile ziliwashwa ili watuone sisi tunapopita. Tukiwa njiani watu walituangalia mara moja, wakainamisha kichwa kidogo, wakaendelea na safari yao. Shuleni hakuna mtoto aliyenitukana. Wala hakuna aliyekaa karibu nami. Wakati wa kula kila mmoja alifungua kikopo chake cha mkate na jibini ya kahawia, akala akitazama mbele, na mimi nikala changu nikitazama mbele, na kengele ikalia. Nikaamua kwamba watu wale wanatuchukia, ila wamekatazwa kusema. Nilibeba siri hiyo peke yangu majira yote ya baridi. Mama sikumwambia, kwa kuwa nilimwona anavyohangaika.

Mama alipata kazi ya usafi kwenye nyumba ya wazee. Lugha ilimshinda. Mimi iliniingia kama maji, na kabla ya miezi sita nilikuwa nimegeuka mdomo wake. Barua ikija, namsomea mimi. Daktari akiuliza panauma wapi, namwuliza Mama, namjibu daktari. Wale wa ofisi waliokuja kueleza habari za faili la Baba walikaa kwenye sofa letu wakazungumza na mimi, mtoto wa miaka minane, na mimi nikamgeukia Mama nikasema, "Wanasema bado kidogo." Hakuna habari iliyoingia katika nyumba ile bila kupita kinywani mwangu. Nilijivunia jambo hilo, na lilinichosha pia, ingawa wakati huo sikujua kwamba mtoto anaweza kuchoka kwa namna ile.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mwanamke mrefu mwenye magoti mabovu, jina lake Gunvor, aliyekata tiketi kwenye feri maisha yake yote mpaka alipostaafu. Kule hata mtoto mdogo humwita mzee jina lake tupu. Mama hakuweza. "Mtu wa umri ule umwite Gunvor, kama unamwita mbuzi?" akasema. Hivyo nikamwita Bibi Gunvor, na yeye akadhani "bibi" ni salamu. Kila aliponiona uani alinyanyua mkono. "Bibi!" akasema. Nikashindwa namna ya kumweleza, nikaitika, "Bibi!" Kwa miezi kadhaa hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Nilipoweza kumweleza maana yake alicheka peke yake kama injini inayokataa kuwaka, halafu akaendelea kusalimia vilevile.

Siku moja nikamwona anahangaika na kamba ya mlingoti wake. Kila nyumba kule ina mlingoti wa bendera mbele ya mlango, mweupe, mrefu kuliko paa. Aliniita kwa kidole. Akanionyesha jinsi ya kufungua fundo, jinsi ya kuvuta mkono kwa mkono bila kuiachia bendera iguse chini, na jinsi ya kuzungusha kamba kwenye kile chuma ili isilegee. Nilivuta mimi. Bendera ikapanda mpaka juu ikafunguka.

"Leo kuna nini?" nikamwuliza.

"Leo nimezaliwa. Hapa mtu akiwa na furaha anapandisha bendera, na majirani wanajua."

Nikafikiri. "Baba yangu akija utapandisha?"

Bibi Gunvor akatazama baharini, upande inakotokea feri. Ndiye aliyejua kuliko watu wote nani huja na nani haji. "Hadi juu kabisa," akasema. "Nitawaambia na wengine."

Mama alikuwa ameniambia kwamba Baba atakuja jua likirudi. Kule kuna majuma ambayo jua halipandi juu ya mlima. Kunakuwa na mwanga wa bluu saa chache za mchana, basi. Nafikiri mtu wa ofisi alisema "mwanzoni mwa mwaka," na mimi mwenyewe ndiye niliyetafsiri, lakini kwa Mama ikawa jua. Siku jua liliporudi mwalimu alitutoa sote nje. Likagusa paa la duka, likakaa pale kwa muda wa kuhesabu mpaka mia, likaondoka. Tukapewa maandazi ya kusherehekea. Mimi la kwangu sikula, nilimwekea Baba chini ya mto. Mama alilikuta limekuwa jiwe. Alibadilisha foronya tu.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi nilikwenda gatini kungoja feri ya saa nne. Ilikuja na gari la mikate, gari la posta, mwanafunzi au wawili waliosoma bara na wanarudi kusalimia kwao. Nilimtazama kila aliyeshuka mpaka lile daraja la chuma lilipoinuliwa. Majira hayohayo ndipo wavuvi walipoleta samaki wakubwa weupe wa bahari ya baridi, wakawafunga wawiliwawili kwa mikia, wakawatundika kwenye vichanja vya miti vilivyojaa ufuko mzima. Vichwa vilitundikwa mbali, midomo wazi. Upepo ukavuma kutoka huko, harufu ikaingia mpaka kwenye makoti yetu. Wanafunzi wenzangu hata hawakuisikia. Mama alisimama mlangoni akainua pua, akacheka, mara ya kwanza tangu tufike. "Kigoma!" akasema. "Vichanja vya dagaa. Baba yako akija hatasema amepotea."

Siku ya Alhamisi moja, nilipotoka shule, nilimkuta Mama anaosha vyombo. Vilikuwa safi. Aliviosha, akavifuta, akavirudisha kwenye maji. Akaniambia nile. Ijumaa akaenda kazini, nikaenda shule, jioni akanisuka nywele, akanisuka polepole sana. Sikuona kitu. Mimi niliyejivunia kwamba kila habari inapita kwangu, sikuona kitu.

Jumamosi niliamka nikakuta koti la Mama halipo. Nikajua ameitwa zamu. Nikafungua pazia, na pale dirishani moyo ukaruka: bendera ya Bibi Gunvor ilikuwa mlingotini. Nikatazama mbele zaidi, nyumba ya mwalimu wangu, nayo ina bendera. Na ya duka. Haiwezekani watu watatu wawe wamezaliwa siku moja. Nikaelewa papo hapo, nikaelewa yote. Baba anafika leo. Mama amekwenda kumpokea upande wa pili, wanataka kunishtua. Na Bibi Gunvor amewaambia wengine, kama alivyoahidi.

Kasoro ilikuwa moja tu. Bendera zote zilikuwa zimekwama katikati ya mlingoti. Usiku ule kulikuwa na barafu kali, nikajua kamba zimeganda, na watu wameshindwa kuzivuta wakaingia ndani kunywa kahawa. Bibi Gunvor na magoti yake, angeweza nini? Lakini Baba alitakiwa azione ziko juu. Juu kabisa, ndivyo tulivyokubaliana.

Nikavaa gauni la njano nililosafiri nalo kutoka Kigoma, juu ya nguo za sufu, nikavaa mabuti, nikatoka. Kamba ya Bibi Gunvor ilikuwa na barafu kweli, ikanichana viganja, lakini ilinikubali. Nilivuta mkono kwa mkono kama alivyonifundisha. Bendera ikafika juu. Nikafunga, nikakimbia kwa mwalimu. Nilipokuwa navuta ya pili mlango ukafunguliwa, mwalimu akatoka na viatu vya ndani, akasimama kwenye ngazi.

"Nimeirekebisha!" nikamwambia. "Ilikuwa imekwama!"

Akashika fremu ya mlango. Sikumwona vizuri, nilikuwa na haraka. Pale dukani mama muuzaji alinitazama kupitia kioo, ana boksi la ndizi mikononi, hakulitua mpaka nilipomaliza. Nikampungia mkono. Nikaona kwamba leo watu wote wananiangalia usoni, hakuna aliyeinamisha kichwa, na nikafikiri kumbe hawatuchukii, kumbe walikuwa wanamngoja na wao.

Feri ikaja. Likashuka gari la mikate. Likashuka gari la posta. Wakashuka wasichana wawili wenye mabegi. Daraja la chuma likabaki limelala muda mrefu, nikasema moyoni huyu Baba na mizigo yake, amezidi. Kisha likainuliwa.

Nilipogeuka nikawaona wanakuja barabarani. Mama mbele, kichwa wazi, bila glovu, na Bibi Gunvor nyuma yake akichechemea. Kwa nini Mama alikuwa anatokea upande wa nyumbani na si upande wa bahari? Nilijiuliza hilo, nikaliacha.

"Mama, hakushuka," nikamwambia. "Labda atakuja na ya jioni."

Mama akapiga magoti kwenye theluji. Akanishika mikono, akaona viganja vilivyochanika, akavitazama kana kwamba ndiyo habari aliyokuja nayo.

"Baba yako hayupo tena," akasema.

"Yuko wapi?"

"Amekufa, mwanangu. Homa. Siku tatu tu. Walinipigia Alhamisi. Wameshamzika."

Sikumtazama yeye. Nilitazama juu ya bega lake, barabarani, kwa sababu Bibi Gunvor alikuwa amegeuka anarudi. Niliona anafika dukani, anafungua kamba, na bendera niliyoipandisha inashuka, inashuka, inasimama katikati. Akaenda kwa mwalimu. Ile nayo ikashuka. Nikampigia kelele aache. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, sikukumbuka neno hata moja la kule. Nilitaka kukimbia nimnyang'anye kamba, Mama akanishika kiunoni, tukaanguka wote wawili. Katika akili yangu ya siku ile si homa iliyomwua Baba. Alikuwa Bibi Gunvor, kwa kamba, mbele ya macho yangu.

Mchana watu wakaja. Hawakuwahi kuja nyumbani kwetu, na siku ile walikuja. Nilichungulia kutoka chumbani nikahesabu viatu mlangoni, jozi tisa. Walileta keki na chupa za kahawa. Kwetu msiba una kilio, unasikika kabla hujafika. Wale walikaa wakatazama mikono yao, saa mbili nzima, Mama katikati yao, na hakuna aliyesema zaidi ya maneno mawili. Bibi Gunvor alikaa karibu na mlango wa chumba changu. Aligonga mara moja, akasema, "Bibi?" Sikuitika.

Jumatatu mwalimu alinieleza. Bendera ya juu ni furaha, bendera ya katikati ni msiba. Nikamwuliza kama wanafanya hivyo kwa kila mtu anayekufa duniani. "Hapana," akasema. "Kwa mtu wa hapa." Baba hakuwahi kukanyaga pale. Mwili wake ulikuwa Kigoma, kwenye udongo mwekundu, na jina lake lilikuwa limekataliwa kwa herufi moja. Lakini kwa watu wale wasiosema alikuwa mtu wa hapa. Nililielewa hilo miaka mingi baadaye na likaninyenyekeza. Bibi Gunvor nilimrudia mapema zaidi, yapata wakati theluji ilipoyeyuka. Nilipita uani akanyanyua mkono, nami nikaitika. Tulipohamia mjini, na hata nilipoolewa huku Texas, alituma kadi kila Krismasi, ametia sahihi "Bibi," mpaka mwaka ambao kadi haikuja.

Aliyebaki ni Mama. Yeye sikumrudia sawasawa. Ufuko mzima ulijua kwamba baba yangu amekufa, mwalimu alijua, muuza duka alijua, mimi peke yangu ndiye nilikuwa natembea na gauni la njano. Nilikuwa mdomo wake kwa kila bili ya umeme na kila kipimo cha damu, na neno lililokuwa langu kuliko yote alilipitisha kwingine. Hatukuligusa kamwe. Siku hizi Mama anaishi Grand Prairie, hukuhuku Texas, na mdogo wake. Tunapigiana simu kila siku: umekula, presha ikoje, watoto wanakujibu Kiswahili au bado Kiingereza tu. Unaweza kuongea na mtu kila siku kwa miaka na ukaendelea kuwa peke yako mbele yake. Nilikuwa nimeizoea hali hiyo kama mtu anavyozoea jino bovu, anatafunia upande wa pili.

Baada ya siku ile ya dukani sikuweza tena. Jumamosi nilimwachia mume wangu watoto nikaendesha gari peke yangu, saa nne za barabara kuu, malori kulia na kushoto, nikijizoeza sentensi ya kuanzia. Nilimkuta sebuleni anakunja nguo za wiki. Mdogo wake yuko kazini hospitali. Mama akafurahi, akataka kuinuka aweke chai, nikamzuia.

"Mama."

"Abee."

"Kwa nini Bibi Gunvor alijua kabla yangu?"

Hakuuliza alijua nini. Alikunja fulana, akaiweka juu ya nyingine, akasawazisha kingo.

"Kwa sababu kwa lugha yao nilikuwa na maneno mawili," akasema. "Mume. Kufa. Nilimwambia hayo mawili yakatosha, akanivua koti akaniweka kwenye kiti. Wewe ningekuambia kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili ningelazimika kusema yote. Utaniuliza alikuwa na nani, alisema nini, alitutaja? Nilijua majibu. Nilikuwa sijaweza kuyasikia mimi mwenyewe."

"Ulikuwa wapi asubuhi ile? Nilidhani uko kazini."

"Jikoni kwake."

Dirisha la jiko la Bibi Gunvor lilitazama mlingoti. Nililikumbuka vizuri, lilikuwa na taa na chungu cha maua mekundu. Niliona pazia likicheza siku ile, nikadhani ni upepo.

"Mlikuwa mnaniona?"

"Tangu unatoka na lile gauni. Tulikuwa tumekaa, nimejipanga, nikasema akiamka naenda kumwambia. Mara wewe huyo kwenye kamba. Gunvor akasimama atoke nje. Nikamshika mkono. Sikujua kwa lugha yao 'subiri' inasemwaje, nikamshika tu, kwa nguvu, akakaa."

"Mbona hukunizuia, Mama? Nilizunguka nyumba tatu. Nilikwenda mpaka gatini."

Mama aliacha kukunja. Mikono yake ilibaki juu ya shuka.

"Ulikuwa unavuta ile kamba unacheka," akasema. "Nikawaza, kwa watu wote ameshakufa. Kule wamemzika. Mimi ninajua, mama huyu anajua, mpaka dukani wanajua. Amebaki mtu mmoja tu duniani ambaye kwake mume wangu bado yuko njiani anakuja. Nikikuita, basi, atakuwa amekufa kote. Sikuweza, mwanangu. Nikamwacha aje kidogo."

Nje, kijana wa jirani alikuwa anakata nyasi, mashine ikaja karibu na dirisha, ikaenda mbali. Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi njiani, na hilo halikuwamo. Kwa miaka yote ile nilijiona niko peke yangu kwenye barabara ile nyeupe. Kumbe alikuwepo mtu nyuma ya kioo aliyenihitaji nisijue, japo kwa bendera tatu.

Sikumwambia nimekusamehe, maana sikuwa na hakika tena nani alimkosea nani. Nilishika shuka upande wa pili. Tukalikunja pamoja, tunakaribiana, tunaachana, tunakaribiana, mpaka likawa dogo.

"Unarudi leo?" akaniuliza.

Nilikuwa nimepanga kurudi.

"Nitalala," nikasema.